Udongo Juu ya Motoka ya Papa

Papa haoni vizuri tena. Mtoto wa jicho amelifunga jicho la kushoto, na la kulia linampa mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo Jumamosi ile ya kiangazi, tulipomwita atoke chini ya mwembe aje kuikagua motoka yake, tulimwita kwa heshima. Hatukudhani angekuta kasoro. Alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya motoka, akaweka kiganja juu ya kapo, yaani boneti kama wanavyosema wenzetu wa pwani. Akakitembeza kiganja polepole kutoka kwenye kioo hadi kwenye nembo ya simba, kama mtu anayempapasa mtoto kipajini kujua kama ana homa.

"Haiko safi," akasema. "Iko na muchanga."

Tulitazamana. Tulikuwa tumemaliza bidoni nne za maji. Kwa macho yetu sote watatu, Mama, mimi na mtoto wa yaya yangu (dada yangu mkubwa), kijana wa miaka kumi na mitano ambaye nyumbani tunamwita Kadogo, motoka ilikuwa inang'aa.

"Papa, tumeosha mara mbili."

"Mumeosha macho. Ngozi yake bado. Leta mufuko wa plastiki, ule mwepesi, uvae mukononi."

Nilivaa mfuko uliokuwa na mkate asubuhi ile, nikapitisha vidole juu ya kapo. Plastiki nyembamba hukuza mguso kwa namna ya ajabu. Mahali nilipodhani ni laini kama kioo palinikwaruza kama unga wa bukari, ugali wetu, usiochekechwa. Nilirudia kwenye mlango, kwenye paa, kwenye kifuniko cha buti. Kote vilevile. Mzee asiyeona alikuwa ameiona motoka kuliko sisi.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili hadi harusi ya mdogo wangu wa mwisho, na nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kwamba atatoka kanisani ndani ya motoka hii, si ya kukodi. Ni Peugeot 504 ya buluu, iliyotoka kiwandani mwaka 1979. Ndiyo iliyotupeleka sote hospitali ya uzazi na kuturudisha. Papa aliiosha kila Jumamosi alipokuwa na macho, kwa mpangilio usiobadilika: kwanza maji matupu ili vumbi lishuke lenyewe, kisha paa, vioo, kapo, milango, na magurudumu mwisho kabisa, kwa kitambaa chao peke yao. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili uchafu uliotoka usirudishwe. Miaka mingi niliuona utaratibu huo kama ibada ya mtu aliyependa ukimya wa Jumamosi. Siku ile nilielewa kwamba kila hatua ilikuwa na sababu yake.

Mtu asiyeijua Lubumbashi, mji wetu, atauliza mchanga huo ulitoka wapi baada ya kuosha mara mbili. Kiangazi chetu ni kikavu kweli, Mei hadi Septemba. Barabara za mitaani zisizo na lami husagwa na magurudumu hadi zikawa unga mwekundu, na unga huo hupanda, hukaa hewani mchana kutwa, hushuka usiku pamoja na baridi. Nyumba yetu iko karibu na reli. Reli ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji wenyewe ulipoanzishwa, na tangu hapo kila gurudumu linaposaga chuma na kila breki inapobana, chembe ndogo huruka. Zikitua juu ya rangi ya motoka hujichimbia, umande huzipa kutu, nazo hung'ang'ania. Mwaka uliofuata, 1911, tanuri la shaba liliwashwa, na upepo wa kiangazi, ambao hapa hutoka kusini-mashariki, ukaanza kuupeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi, mwaka hadi mwaka. Watafiti huliita eneo hilo koni ya uchafuzi: udongo wake umeshiba shaba, zinki, risasi na kadmiamu, na miti haioti kama inavyoota kwingine. Watu husema rangi ya motoka huchakaa kwa umri. Mimi naamini huchakaa kwa mahali inapolala.

Maji huondoa kilichokaa juu ya rangi. Kilichojichimbia hakiondoki kwa maji wala kwa sabuni, hata uoshe mpaka kisima kikauke. Kinataka kung'olewa, na kinachoking'oa ni udongo.

Hapo ndipo shemeji yangu alipoingia katika habari hii. Anaendesha lori kutoka Dar es Salaam, anapita Tunduma, anaikata Zambia, anaingilia Kasumbalesa. Tulimpigia simu Jumapili akiwa bado upande wa Tanzania, na Ijumaa akatuletea kisanduku chenye vipande viwili vya udongo wa kijivu, kila kimoja kikubwa kama kipande cha sabuni ya kuogea, pamoja na kopo la nta. Udongo huo haukuchimbwa shambani. Ni mchanganyiko laini kama ule wanaofinyangia watoto wa chekechea, umetiwa unga wa kusugulia uliosagwa mno. Mjapani Tadao Kodate ndiye aliyepewa hataza yake Marekani katika miaka ya 1990. Unailowesha rangi kwa maji ya sabuni yenye utelezi, unakikanda kipande hadi kiwe bapa kama kiganja cha mtoto, unakitelezesha bila kukandamiza. Kila chembe iliyochomoza inanaswa. Udongo ukichafuka, unaukunja ili upande safi utoke nje. Ukianguka chini, unautupa. Haufutwi, hauoshwi, kwa sababu punje moja ya mchanga iliyozama ndani yake itachora rangi kila unapopita.

Mama aliviweka vipande hivyo jikoni, kwenye rafu, kando ya pemba. Huko ndiko msiba wetu ulikoanzia, na sitamlaumu Mama. Pemba ni udongo mweupe ambao wajawazito hapa hutafuna. Wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi sita, na Mama alimnunulia katika soko la Kenya, komini ya hapa hapa mjini. Udongo kando ya udongo. Nani angetenganisha?

Ila jioni ileile, kwa kuogopa wifi asije akatafuna cha Kijapani, Mama alichukua kipande kimoja akakifungia ndani ya sanduku lake, chini ya vitambaa vya harusi. Hakumwambia mtu. Kile cha pili alikisahau. Jumatatu asubuhi mtoto wangu wa miaka mitano alikiona rafuni, akakikanda vizuri sana, akafinyanga ng'ombe watatu na ndege, akawapanga ukutani juu ya mchanga wapate jua.

Kadogo ndiye aliyewakuta. Mimi nilikuwa shuleni nafundisha, Mama alikuwa sokoni, Papa amelala. Kijana aliwaokota ng'ombe, akaona punje za mchanga zimejaa matumboni mwao, akajua udongo umekufa. Alijua pia kwamba harusi ni Jumamosi, kwamba shemeji yuko njiani kurudi Dar, na kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa motoka. Nimewaza mara nyingi saa ile aliyokaa peke yake uani. Angeweza kungoja tu, aseme mtoto mdogo ameharibu. Badala yake alichukua jembe na ndoo, akaenda kwenye kichuguu.

Katanga, eneo letu hili, ni nchi ya vichuguu. Vile vikubwa, kazi ya mchwa ambao wataalamu huwaita Macrotermes falciger, hufikia mita nane kwenda juu na mita kumi na tano upana wa chini, na pembezoni mwa mji utaona nyumba zimejengwa zikavikwepa kama mtu anavyokwepa kaburi. Mchwa huupandisha udongo mwororo kutoka chini, wanaunatisha punje kwa punje, na karne zinapita. Mafundi matofali wanaujua. Sehemu kubwa ya Lubumbashi imejengwa kwa udongo wa kichuguu uliochomwa. Wapo wanaoula. Ukiulowesha na kuukanda, unateleza kati ya vidole kama siagi, hausikii hata punje. Kijana aliyekua akichezea udongo huo alikuwa na kila sababu ya kuuamini. Aliambiwa udongo husafisha motoka. Alikuwa na udongo mzuri kuliko wote anaoujua.

Lakini ulaini wa kichuguu ni wa kidole, si wa rangi. Ndani yake mna chembe za kwatzi ambazo kidole hakizioni, na kwatzi ni ngumu kuliko rangi yoyote ya motoka. Kadogo alisugua kwa mviringo, kwa nguvu zote za miaka kumi na mitano, na maji yalimficha: rangi iliyolowa hupendeza hata ikiwa imechanika. Alimaliza nusu ya kapo na bawa la kushoto. Kisha jua likakausha.

Niliporudi saa kumi, motoka ilikuwa imevikwa kitenge cha Mama, kile cha maua ya njano, na Kadogo hakuwepo. Alikuwa ameshika njia kwa miguu kwenda kwa mama yake, katika komini ya Katuba. Niliinua kitenge. Buluu ilikuwa imejaa miviringo myeupe, mmoja juu ya mwingine, kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kikavu chenye chaki. Na katikati, karibu na simba, mkwaruzo mmoja mrefu kama kidole cha kati, uliozama.

Mama alirudi, akatazama, akakaa juu ya bidoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hakuna mutu atamwambia Papa," akakishusha kitenge, akakiwekea mawe pembeni ili upepo usikifunue.

Siku mbili tuliishi na motoka iliyovaa nguo. Papa alipita karibu yake asubuhi na jioni. Fimbo iligusa gurudumu, mkono uligusa kitambaa, akaenda zake. Hakuuliza. Ukimya wake ulinikosesha usingizi kuliko ambavyo hasira ingeninyima. Wifi alilia akidhani pemba yake ndiyo iliyotumika. Yaya yangu alimrudisha Kadogo Jumanne usiku, akamsukuma mlangoni, naye alisimama pale hadi Mama alipomwekea sahani ya bukari na mboga ya sombe na kumwambia ale.

Jumatano nilikwenda komini ya Kenya kumtafuta mzee mmoja, mpaka rangi aliyestaafu, rafiki wa Papa wa zamani. Alikuja na kofia nyeusi na nyeupe ya timu ya Mazembe na mfuko wa vitambaa. Alimsalimia Papa chini ya mwembe kwa muda mrefu, wakakumbushana enzi ambapo timu ile iliitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, ilipochukua kombe la Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Mimi nilikuwa nimesimama na moyo mkononi. Halafu akaja kwenye motoka, akafunua kitenge, akaiosha kapo mwenyewe, akachovya kitambaa cheupe kwenye dawa ya kusugulia, akapitisha mara tatu kwa mstari ulionyooka. Kitambaa kikageuka buluu.

"Rangi inatoka!" nilisema kwa sauti ambayo hata Papa aliisikia.

"Mama, tulia," akasema mzee. "Hii ni rangi ya zamani. Iko peke yake."

Akatueleza, mimi na Kadogo, na nilijuta kwamba nimeishi na motoka hii maisha yangu yote bila kujua. Magari ya siku hizi yana tabaka la vanishi isiyo na rangi juu ya rangi yenyewe, jembamba kuliko unywele wa kichwa. Ukiyasugua, kitambaa hakichukui rangi, na vanishi ikiisha hapo ndipo kilio. Lakini zamani rangi nyingi zisizo na chembe za metali zilipakwa bila kifuniko, rangi moja tangu juu hadi kwenye tabaka la msingi. Jua hulichoma tabaka la juu likafifia na kuwa kama chaki. Ukiliondoa hilo kwa uangalifu, chini yake buluu ya mwaka 1979 inakungoja ikiwa mbichi. Kitambaa kuchukua rangi ni dalili kwamba kazi inafanyika. Ila kila unachoondoa hakirudi.

"Nani aliharibu?" aliuliza. Kadogo akainua mkono kama darasani. "Basi ni wewe utasugua. Mimi nitashika saa."

Kijana alisugua Jumatano alasiri yote na Alhamisi asubuhi, eneo la ukubwa wa kitabu kwa wakati mmoja, mistari iliyonyooka, kitambaa kipya kila kile cha kwanza kilipojaa buluu. Miviringo ilififia, kisha ikaisha. Mkwaruzo mrefu ulibaki. Mzee aliupapasa kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Ukitaka huu uishe, rangi ndiyo itakayoisha. Uache."

Hapo Mama akaingia ndani, akarudi na kipande cha udongo wa Kijapani kilichonukia vitambaa vipya na nondo za sandukuni. Hatukujua tucheke au tulie. Mzee alikikata vipande vinne kwa uzi, akampa Kadogo robo moja, nyingine akazirudisha kwenye karatasi, kwa sababu robo ikianguka unapoteza robo tu. Bomba lilikuwa limekauka tangu asubuhi, tukachota kwenye kisima cha jirani. Nilishika udongo ule kwa zamu yangu juu ya mlango. Mwanzoni unasikia mlio, sauti ndogo ya kukwaruza, na mkono unakamatwa. Unapita tena. Sauti inapungua. Unapita mara ya tano, kimya, na udongo unateleza kama juu ya barafu. Nilipoukunja niliona madoadoa ya kahawia: reli yote ile, barabara zote zile, miaka ya vumbi, ndani ya kiganja changu. Kati ya kazi zote za nyumba nilizowahi kufanya sijapata inayokuambia kwa uwazi namna hii kwamba sasa inatosha.

Nta nusura itushinde. Mjomba alifika Ijumaa saa sita mchana na wageni kutoka Likasi, akaikuta motoka imekauka na kopo liko wazi, akataka kusaidia. Alipaka kwa ukarimu, tabaka nene, juani, paa lote na kapo yote. Nta hutaka kivuli, bati lililopoa, na tabaka jembamba ambalo karibu hulioni. Juu ya bati la moto ilikauka papo hapo ikawa ganda jeupe, imeingia hadi kwenye mpira wa vioo, na kila alipoifuta ilizidi kujikaza. Mama alipendekeza nta ya nyuki ya Katanga, ambayo tunaijua na kuiamini, lakini ile huyeyuka kwenye joto la nyuzi sitini na kitu na ikilainika juani hukamata vumbi. Ya kopo ni ya kanauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Huyeyuka ikipita nyuzi themanini, ndiyo maana inafaa kwa motoka, na ndiyo maana ilimshinda Mjomba.

Tuliisukuma motoka hadi chini ya mwembe, watu wanane, wageni wa Likasi wakiwa na viatu vyao vya harusi. Tukangoja bati lipoe. Kisha mzee akafanya jambo ambalo lilionekana la kichaa: akapaka nta nyingine juu ya ile iliyoganda. Nta mbichi hulainisha nta kavu. Akafuta zote mbili pamoja, zikatoka kama utando wa maziwa. Akarudia sehemu kwa sehemu hadi giza likaingia, umeme ukakatika, tukamalizia kwa taa za simu.

Sasa motoka ilikuwa na buluu ambayo mimi sikumbuki kuiona hata utotoni. Majani ya mwembe yalionekana ndani yake, na taa za simu, na nyuso zetu.

Papa aliinuka bila kuitwa. Watu wakampisha. Aliweka kiganja kwenye paa, akakishusha kwa kioo hadi kwenye kapo, na kiganja kikaenda peke yake, hakikushika popote. Nilimwona akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alikirudisha. Kikaenda tena. Halafu, karibu na simba, kikasimama. Kidole cha kati kikatafuta, kikaupata mkwaruzo, kikaufuata mwanzo hadi mwisho.

"Njo hapa mutoto alianza," akasema.

Hakuna aliyejibu. Kadogo alisogea mbele. "Ndiyo, Kaku," akamjibu babu yake.

Papa aliutafuta mkono wake gizani, akauchukua, akakiweka kidole cha kijana ndani ya mkwaruzo, akakishikilia hapo kwa kidole chake.

"Unasikia?"

"Nasikia, Kaku."

"Kesho utakaa mbele, karibu na mushofere." Akamwachia mkono, akageuza uso kwetu. "Na Mama iko wapi na kitenge yake? Alete. Umande unashuka."